Hanesi ya kukwelea miti inapouma: tafuta chanzo kabla ya kununua nyingine

Mtu akiteremka kutoka kwenye mkungu baada ya saa mbili huku ameshika kiuno, neno la kwanza kusikika chini ni "hanesi hii mbovu", yaani ile mikanda ya kiuno na mapaja inayomshika kwenye kamba. Mara nyingi haina ubovu wowote. Imefungwa juu mno, au daraja lake, kile kipande cha kamba cha mbele, halijapimwa, au vifaa vyote vimetundikwa upande mmoja. Zipo pia zisizofaa kabisa kwa sababu ziliundwa kwa kazi nyingine, na hizo ukaze ulegeze, hazitakaa sawa. Shida ni kuzitofautisha, maana hanesi nzuri ya miti si kitu cha kununua kila mwaka.

Maelezo haya ni ya wanaopogoa na kuangusha miti kwa ajira mjini Mombasa: miembe ya nyuma ya nyumba za Tudor, mivinje ya Bamburi, mikungu na miarobaini ya kando ya barabara, minazi ya hoteli za Nyali. Anza na jaribio, kisha nenda kwenye dalili inayokuhusu.

Majina, tusije tukapotezana

Mkanda wa kiuno ni ule mpana wenye pedi mgongoni. Vitanzi vya mapaja ndivyo unavyovikalia. Pete za pembeni, moja kila nyonga, ni za kamba ya shina, yaani ile unayozungusha kwenye shina ili uegemee. Daraja ni kipande cha kamba kinachounganisha pete mbili za mbele. Juu yake hutembea pete ndogo inayoshikana na kamba yako ya kupandia. Tepe za kuunganisha ni zile nyembamba zinazofunga vitanzi vya mapaja na mkanda wa kiuno, mbele na nyuma. Bizimu kila mtu anaijua.

Jaribio la robo saa

Hanesi iliyojaribiwa ukiwa umesimama inadanganya. Ukisimama, uzito uko kwenye nyayo, na mkanda hauna kazi kubwa kuliko kushikilia suruali. Tafuta tawi imara la mwembe au mwarobaini, tundika kamba, uning'inie nyayo zikiwa nusu mita tu kutoka ardhini, na mwenzako awe karibu. Vaa suruali na viatu vya kazi. Tundika vifaa vyote unavyopanda navyo, pamoja na msumeno wa mashine (uwe umezimwa) na chupa ya maji.

Kaa dakika 15. Tano za kwanza kaa wima kwenye daraja bila kujitikisa. Tano za pili geuka kushoto na kulia, nyoosha mkono kama anayefuata tawi la mbali. Tano za mwisho zungusha kamba ya shina, kanyaga shina, uulalie mkanda. Kila panapouma taja kwa sauti, na mwenzako aandike mahali na dakika. Maumivu yanayoanza ndani ya dakika mbili kwa kawaida ni ya kipimo au ya pedi iliyokaa vibaya. Yanayoanza baada ya dakika kumi mara nyingi ni ya daraja, ya mzigo, au ya kukaa mkao mmoja.

Kabla ya kuning'inia, chukua vibanio vya kuanikia nguo ubane kimoja kwenye mkia wa kila utepe, upana wa kidole kimoja kutoka kwenye bizimu. Ukishuka, tazama zile nafasi. Iliyopungua inakwambia utepe ule umeteleza, hata kama hukuhisi kitu. Vibanio vinne vya plastiki vinatosha, na hakuna kifaa cha bei mbaya kitakachokuonyesha jambo hilo kwa uwazi zaidi.

Kinena kinabanwa, mapaja yanakatwa

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na sababu yake ya kwanza haiko kwenye marekebisho. Iko kwenye lebo. Hanesi nyingi zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi ni za kuzuia kuanguka: mikanda miwili myembamba mapajani, mikanda ya mabega, na pete moja kubwa mgongoni. Kwa viwango vya Ulaya lebo yake huwa na namba EN 361. Iliundwa imdake mtu aliyeteleza kwenye jukwaa la ujenzi. Haikuundwa kukaliwa kutwa. Ukiikalia, uzito wote unapita kwenye utepe wa sentimita nne au tano unaopanda kinenani, na hakuna pedi utakayoipachika ikabadilisha hilo. Ukijitundika kwa pete ya mgongoni ndiyo mbaya kabisa: huwezi kufikia fundo la kamba yako ya kupandia, na mapaja yanabeba kila kitu.

Hanesi ya kupogolea miti huwa na namba mbili kwenye lebo: EN 813, ambayo ni ya kuketi, na EN 358, ambayo ni ya kuegemea kazini kwa pete za pembeni. Zisipokuwepo zote mbili, acha kutafuta tiba. Hiyo siyo hanesi ya kazi hii. Hanesi ya kukwea miamba nayo, EN 12277, ni nyepesi na inavutia, lakini haina pete za pembeni na vitanzi vyake ni vyembamba kwa mtu anayekaa juu ya mwembe asubuhi nzima. Kwa walioajiriwa, Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga vinavyofaa kazi yenyewe, kwa hivyo mazungumzo ya lebo ni yake pia.

Lebo ikiwa sahihi na kinena bado kinabanwa, angalia haya kwa mfuatano:

Vitanzi viko wapi? Nyuma vinatakiwa kukaa chini kidogo ya makalio, pale paja linapoanzia. Mbele viwe karibu na kinena bila kukigusa ukiwa umeketi. Vikiwa vimeteremka hadi katikati ya paja, ukining'inia vitapanda vyenyewe, vikokote suruali na ngozi.

Vimekazwa kiasi gani? Kiganja kilicho bapa kipite kati ya pedi na paja kwa kusukuma kidogo. Ngumi ikipita, ni huru mno. Hapa watu hukosea kinyume: kinena kinapouma wanalegeza, kitanzi kinapanda zaidi, wanalegeza tena.

Kuna nini mfukoni? Simu, funguo, pochi. Toa vyote. Simu iliyolala chini ya pedi ya paja inabana mahali pamoja kwa uzito wako wote, na mara nyingi ndiyo chanzo cha "hanesi inaniumiza mguu wa kulia tu". Mshono mnene wa jinzi hufanya vivyo hivyo. Suruali ya kazi yenye kitambaa kinachovutika, isiyo na mshono mkubwa ndani ya paja, inaondoa nusu ya matatizo ya sehemu hii.

Pedi imepinda? Tazama ukingo wa kitanzi ukiwa umening'inia. Pedi iliyochoka hukunjika katikati kama ukoko wa mkate, na badala ya kukubeba kwa upana wa sentimita kumi inakubeba kwa ukingo wa mbili. Sponji ikishakufa hairudi.

Miguu inakufa ganzi

Ganzi inayokuja ndani ya dakika chache ina chanzo kilekile cha sehemu iliyotangulia. Ganzi inayokuja baada ya nusu saa ya kukaa tuli ni jambo la mwili: misuli ya miguu isipofanya kazi, damu hukaa chini. Tundika kitanzi cha mguu kwenye kamba, simama juu yake kidogo kila baada ya dakika kadhaa, kanyaga tawi, badilisha upande. Ubao wa kukalia unasaidia kwa kazi ya kukaa muda mrefu, kama vile kushusha mti mkubwa vipande vipande, lakini unakera unapopenya katikati ya matawi. Uwe mpana kuliko nyonga zako kidogo; ukiwa mfupi, tepe zake hubana mapaja kwa pembeni na unarudi ulikotoka.

Ganzi ikifuatana na kizunguzungu, kichefuchefu, jasho la baridi au uso kupauka, kazi imekwisha kwa wakati huo. Shuka. Mtu aliyezimia akiwa amening'inia ateremshwe mara moja, alazwe, pumzi iangaliwe, apelekwe hospitali hata akizinduka. Hilo haliwezekani kama waliobaki chini hawana kamba ya pili, hanesi ya pili, na mtu anayejua kupanda. Wenye msumeno mmoja, hanesi moja na mpandaji mmoja wanafanya kazi bila mlango wa nyuma.

Mkanda unapanda mbavuni

Mkanda wa kiuno hukaa juu kidogo ya mifupa ya nyonga, ile unayoigusa ukiweka mikono kiunoni. Ukifungwa juu ya hapo, kwenye nyama laini, hauna cha kuushika, na ukining'inia utapanda hadi mbavu za chini na kukukatiza pumzi. Ufunge upya hivi: legeza tepe zote, kaza mkanda wa kiuno kwanza mahali pake, kisha vitanzi vya mapaja, na tepe za kuunganisha mwisho, ukiwa umechuchumaa kidogo.

Ukiendelea kupanda, tepe za kuunganisha za mbele ni ndefu. Ndizo zinazogawa uzito kati ya kiuno na mapaja. Zikiwa ndefu, mapaja hayabebi kitu mpaka mkanda uwe umeshafika mbavuni. Zifupishe sentimita mbili mbili, pande zote mbili sawasawa, uning'inie tena. Ukipita kiasi utahisi mkanda unavutwa chini na magoti yanapanda kifuani, rudisha kidogo.

Kwa wenye tumbo, au wenye kiuno chembamba na nyonga pana, mikanda ya mabega husaidia kushikilia hanesi mahali pake wakati wa kutembea na kupanda. Isitumike kubeba uzito wa kuning'inia.

Nyonga zinabanwa kama ziko kwenye jiliwa

Hapa angalia daraja. Daraja fupi huvuta pete mbili za mbele zikaribiane, na mkanda unakunja nyonga kutoka pande zote. Pia linakunyima kuegemea pembeni: ukinyoosha mkono kwenye tawi, hanesi inakurudisha katikati.

Daraja refu lina ubaya wake. Pete ndogo inapanda usoni, fundo linaenda mbali, na kila ukitaka kupanda au kushuka mikono inafanya kazi juu ya kichwa. Malalamiko yake hayaji kama ya hanesi. Yanakuja kama mabega na shingo kuuma jioni.

Anza hivi: ning'inia, kisha rekebisha mpaka pete ndogo ikae kati ya kitovu na chembe ya moyo. Kutoka hapo ongeza au punguza sentimita mbili au tatu kwa mara, na ufanye kazi nusu siku kabla ya kugusa tena. Mwenye kupogoa ncha za matawi ya mwembe atataka refu kidogo, maana anaegemea sana pembeni. Mwenye kupanda na kushuka minazi atataka fupi.

Daraja hukaguliwa kila siku, kwa jicho na kwa vidole, hasa pale pete inapopita na pale mafundo yanapokaa. Ndiyo sehemu inayosuguliwa kuliko zote, na uhai wako wote umepita hapo. Ala, yaani ganda la nje la kamba, ikichubuka mpaka nyuzi za ndani zikaonekana, au ukihisi kimoja kati ya vidole vyako kimezama mahali palipolegea, libadilishe. Libadilishwe kwa daraja la mtengenezaji wa hanesi ile, kwa fundo la kitabu chake. Kamba ya manjano ya mashua, hata iwe mpya inang'aa, si daraja. Wala katani.

Kama daraja ni sawa na nyonga bado zinabanwa unapoegemea kamba ya shina, tazama pete za pembeni ziko wapi. Zinatakiwa zilale juu ya mshono wa pembeni wa suruali au mbele yake kidogo, pande zote sawa. Zikikimbilia mbele kuelekea tumboni, hanesi ni kubwa. Zikibaki nyuma kuelekea makalio, ni ndogo. Hili halina marekebisho, ni saizi.

Kiuno kinauma, hasa kwenye minazi

Mnazi hauna tawi la kutundikia kamba, na makuti hayahesabiki. Wakwezi wa jadi wa pwani hawasumbuki na haya kwa sababu uzito wao uko miguuni muda wote, kwenye vidato vilivyochongwa shinani au kwenye kitanzi cha nyayo. Mwenye hanesi amelala kwenye kamba ya shina, na mgongo wake wa chini ndio unaoegemea.

Tazama kwanza kamba ya shina iko wapi. Ikiwa chini ya kiuno chako, unainama mbele kutoka kwenye mkanda, na misuli ya mgongo inafanya kazi ya winchi. Iwe usawa wa kiuno au juu yake. Ifupishe mpaka magoti yalegee kidogo. Kamba ndefu inakulaza nyuma mno, na ukiteleza unaanguka umbali mrefu zaidi kabla ya kushikwa.

Pili, usiitegemee peke yake. Kwenye mnazi funga pia kamba ya kupandia kwa kuikaza shinani juu yako, ukae kwenye daraja na uiache kamba ya shina ikutulize tu. Hapo uzito unahamia mapajani na kiuno kinapumua. Na mnapotumia msumeno wa mashine ni lazima mshikwe na kamba mbili kwa vyovyote vile, kwa sababu mnyororo haukati kuti tu, hukata na kamba.

Tatu, pedi ya mgongo. Ikunje kwa mikono miwili. Ikikunjika kirahisi kama kandambili iliyochakaa, haigawi uzito tena. Pedi nzuri ni ngumu kwa nje na laini kwa ndani. Laini kote hufurahisha dukani tu.

Wanaotumia spaiki, ile miba ya chuma ya kuchomea shina, miguuni kwenye mti unaoangushwa (mti wa kubaki haupandwi kwa spaiki, unaachwa na vidonda) wakumbuke kwamba spaiki zenye urefu usiowafaa huwafanya wasimame wamepinda magoti, na maumivu huibukia kiunoni.

Unapinduka nyuma au unainama mbele

Kupinduka nyuma: vifaa vizito vimetundikwa mgongoni, au tepe za mbele za kuunganisha ni ndefu. Kuinama mbele: tepe za nyuma zimekazwa mno, au vitanzi viko chini sana mapajani. Sogeza vifaa kwanza, tepe baadaye.

Panauma upande mmoja tu

Mizani. Msumeno mdogo wa mashine wa kupandia, pamoja na mafuta, unaweza kufika kilo nne au tano, na karibu kila mtu anautundika kulia. Weka chupa ya lita moja, msumeno wa mkono na karabina (pete zenye mlango) za akiba kushoto. Bado msumeno utashinda, kwa hivyo upandishwe kwa kamba ukihitajika, na usikae kiunoni asubuhi nzima kama saa ya mkononi. Ikiwa vifaa viko sawa, pima tepe za kushoto na kulia kwa futi ya fundi cherehani. Hanesi inayotumiwa na watu wawili kwa zamu huwa na tofauti ya sentimita tatu nne ambazo hakuna anayekiri kuziacha.

Utepe unalegea wenyewe

Ikiwa kibanio kimesogea, fungua utepe wote uupitishe upya kwenye bizimu kama picha ya kitabu inavyoonyesha. Bizimu nyingine hutaka utepe urudi mara ya pili. Mkia ubaki angalau upana wa kiganja. Ukiwa mfupi kuliko hapo, saizi si yako.

Utomvu wa mwembe na wa mkorosho hugandisha utepe ukawa mgumu na unaoteleza, mchanga wa ufukweni hukaa kwenye meno ya bizimu, na nailoni ikilowa mvua ya Aprili au Mei huvutika kidogo, kwa hivyo uliyokaza kavu asubuhi ikaze tena baada ya manyunyu, ukiwa umesimama mahali salama. Safisha, kausha, rudia jaribio. Ukiteleza tena baada ya kusafishwa, hanesi haipandi mti tena.

Harara, michubuko na hanesi inayonuka

Joto la Mombasa lina sehemu yake, hasa wakati wa kaskazi, Januari hadi Machi. Pedi ya sponji inanyonya jasho, jasho linakauka, chumvi inabaki, na kesho yake chumvi ile inasugua ngozi kama msasa. Pedi yenye neti na mifereji ya hewa inafaa hapa kuliko ile nene ya kitambaa, ingawa huchakaa mapema. Vaa fulana ndefu inayokauka upesi, uichomeke ndani ya suruali, isiwe na mkunjo chini ya mkanda. Kuichomeka kuna faida nyingine: maji moto. Wale sisimizi wekundu wa miembe wakiingia chini ya pedi, mkono huenda wenyewe kwenye bizimu. Bizimu haifunguliwi juu ya mti hata kwa maji moto. Shuka.

Ioshe hanesi kila wiki msimu wa joto. Tatizo ni maji: visima vingi mjini vina maji ya chumvi, na kuiosha kwa hayo ni kuongeza ulichotaka kuondoa. Mtungi mmoja wa lita 20 wa maji baridi yasiyo na chumvi unatosha: nusu ya kuloweka na sabuni laini kidogo, nusu ya kusuuza. Maji yasizidi nyuzi joto 30. Sabuni ya mche ni kali mno. Jiki hapana kabisa, na maji ya betri hata mvuke wake haufai, kwa hivyo hanesi haisafiri kwenye buti pamoja na betri au dumu la petroli. Ianike kivulini penye upepo. Juu ya bati la moto jua linaila kila siku kidogo kidogo, na rangi ya utepe inapopauka nguvu nayo inaondoka.

Pete zina unga mweupe

Hewa ya bahari hula aluminiamu. Unga mwepesi unaofutika kwa kitambaa chenye unyevu ni wa kusafishwa. Ukishafuta ukaona vishimo, pete ile imestaafu. Karabina isiyojifunga yenyewe ioshwe kwa maji baridi, ikaushwe, ipewe kilainishi kikavu. Mafuta ya injini hukamata mchanga.

Ikibidi kununua

Jipime kwa futi pale mkanda utakapokaa, juu ya suruali ya kazi, na upime kila paja juu kabisa. Linganisha na jedwali la mtengenezaji. Ukiangukia kati ya saizi mbili, chagua ile itakayokuacha katikati ya nafasi ya bizimu, si mwishoni. Majina yanayojulikana kwa kazi hii ni kama Petzl Sequoia na Teufelberger treeMOTION, lakini mbili hizo hukaa tofauti mwilini, na anayeisifu moja huenda ana nyonga tofauti na zako. Hanesi za aina hii huwa na uzito wa kilo moja na nusu hadi mbili na nusu hivi. Nyepesi si lazima iwe bora. Uzito uliopungua mara nyingi umetoka kwenye pedi.

Ya mtumba inawezekana, kwa masharti: lebo inasomeka, tarehe ya kutengenezwa ipo, hakuna uzi uliokatika kwenye mishono. Watengenezaji wengi huweka kikomo cha miaka 10 kwa vitu vya kitambaa, hata kama havikutumika. Lebo ikiwa imekatwa, kuna aliyekuwa na sababu ya kuikata. Fundi wa viatu anaweza kushona kitambaa cha pedi kilichochanika. Utepe unaobeba uzito haushonwi na mtu yeyote mtaani, hata awe na mashine nzito ya kushona maturubai.

Na ile ya zamani usiitupe nzima. Kata mkanda wa kiuno na vitanzi vyote viwili kwa kisu kabla haijatoka mlangoni, la sivyo wiki ijayo utaiona imemvaa kijana wa watu juu ya mwembe wa jirani.